Safari ya Bure Siendi

Mwera, Pangani
Jumanne, 12 Agosti 2025

Mwanangu,

Huku sote wazima, isipokuwa goti langu la kushoto, ambalo limeamua kuzeeka kabla ya mwenyewe. Barua hii naiandika kwa mkono, na kijana wa jirani ataipiga picha ukurasa kwa ukurasa akutumie kwenye simu huko Uingereza. Posta ingekufikia mambo yameshaharibika. Kuzungumza nawe kwa simu nako sitaki, maana nikifika penye neno gumu tu, utasikia, "Shangazi, mtandao unakatika."

Picha zako zote nimezipata: ya kadi uliyokwangua, ya cheti cha zawadi, na za mkataba. Na ule ujumbe: "Shangazi jiandae, tumeshinda wiki nzima Tenerife, watu wanne, hoteli bure, na wa nne ni wewe." Niliusoma mara mbili, machozi yakanitoka. Tangu baba yako atangulie mbele ya haki, hakuna aliyenihesabu kwenye safari yoyote zaidi ya ile ya hospitali. Kwa hiyo nisome mpaka mwisho, ujue kwamba ninachokikataa ni safari. Wewe sikukatai.

Nianze na hesabu. Miaka 26 nilikaa karani wa mahakama ya mwanzo, na ukijumbe wa upatu nimeushika zaidi ya hapo. Mtu akinitajia "bure", mkono unatafuta kalamu wenyewe. Pasipoti sina, na pasipoti ni shilingi 150,000. Viza ya kuingia Uhispania ni euro 90, na wakikunyima hawarudishi. Kuifuata pasipoti ni kuvuka mto mpaka Tanga, kuifuata viza ni Dar es Salaam, kula na kulala juu yangu. Hiyo ni upande wangu tu. Sasa chukua cheti chenu, ugeuze nyuma, pale maandishi yalipokuwa madogo mpaka nikaazima miwani ya mwalimu. Nauli ya ndege ni yenu, na tiketi lazima ikatwe kwa wakala wao. Kuna ada ya kuandikishwa, kwa kila kichwa. Bima yenu, kodi yenu, chakula chenu. Mchague tarehe tatu, wao ndio watakaoamua ipi, na isiwe wakati wa likizo za shule, nanyi mna mtoto shuleni. Nikatoa, nikajumlisha, nikaona kilichobaki cha bure ni kitanda. Kitanda ninacho.

Utaniambia, shangazi, hata nusu bure si haba. Ndivyo alivyosema baba yako. Alipokuwa kijana, kampuni moja ya soda ilitangaza kwamba chini ya vizibo kuna baiskeli. Pangani nzima ikawa inakunywa soda kama imetoka jangwani. Baba yako aliacha chai, akaacha maji. Mfukoni vizibo vinalia kama njuga. Mwisho wa yote akapata fulana mbili, zote ndogo, moja tukaifanya ya kudekia. Nilimcheka miaka mingi. Lakini leo namtetea: kila senti aliyoitoa aliinywea soda. Wenzake nyinyi mmelipia nini mpaka sasa?

Hebu twende pale ufukweni Tenerife, kadi ilikotoka. Yule kijana mchangamfu aliyewapa kadi ni papasi, mvizia watalii. Hapo Forodhani, Unguja, ungemtambua kwa harufu tu. Mara ngapi umewapita ukisema, "Ahsante kaka, mimi mwenyeji"? Ugeni ndio uliokuvua macho. Kadi ya mumeo ilitoka tupu, yako ikatoa nyota tatu, na kijana akarukaruka kuliko wewe mwenyewe, akisema hajaona kadi kama ile wiki nzima. Unawakumbuka wacheza karata tatu wa stendi? Huwa wana mwenzao, anasimama kama mpita njia, anashinda mbele za watu, nao wanaokodoa macho wanaamini kwamba pesa zinaokotwa. Hawa wa Tenerife wamepunguza gharama. Hawakumleta mwenzao, walimtumia mumeo. Alipokosa yeye, ndipo wewe ukaamini kwamba umepata kwa bahati.

Halafu akawauliza kama mmeoana, mna umri gani, na kama nyote wawili mna kazi. Mwanangu, bahati gani inayouliza kazi? Kijana hulipwa kwa kila mume na mke anaowafikisha mlangoni. Fedha yake, na ya teksi iliyowachukua, na ya ile juisi ya embe uliyoisifia, yote imo ndani ya bei ya mkataba wa yule atakayekubali kutia saini. Biashara yenyewe ni ya zamani. Kwanza waliuza wiki: unanunua wiki moja ya kila mwaka kwenye nyumba ya mapumziko, unailipia na ada ya matunzo juu yake, wengine maisha yao yote, mpaka Mahakama ya Juu ya Uhispania mwaka 2015 ikaibatilisha mikataba ya namna hiyo isiyo na mwisho. Siku hizi wanauza uanachama wa klabu ya likizo, kama huo wenu: unalipia haki ya kuuziwa likizo kwa bei ambayo wanasema ni nafuu. Mimi nimekisoma kifungu hicho mara tatu, nikitafuta chumba, nyumba, hata godoro. Hakuna.

Sasa nije kwenye lililonikosesha usingizi. Si pesa. Umeniandikia mwenyewe kwamba mlikaa saa nne, mtoto akalia njaa, mkataka kuondoka, "lakini tuliona aibu, walikuwa wametukirimu sana." Neno hilo, aibu, nimelala nalo. Sisi ndio tuliokufundisha. Ukiletewa kitu usikikatae, ukikaribishwa kaa, ukila kwa mtu usinyanyuke na kuondoka kama paka. Malezi hayo siyajutii. Lakini kuna watu wamekaa chini wakayapigia hesabu: wanajua kwamba mtu mwenye adabu akishanyweshwa glasi moja ya juisi, ulimi wake unakuwa mzito kusema hapana. Kadi ile haikuwekwa ikupe likizo, iliwekwa ikufanye mgeni wao.

Usinielewe vibaya. Zawadi zetu nazo si za bure, nani asiyejua? Harusi yako mwenyewe daftari nililishika mimi: fulani doti ya khanga, fulani kilo 10 za mchele, fulani bahasha. Na wao wakifikwa na shughuli, daftari linafunguliwa na tunarudisha, na asiyerudisha anasemwa mpaka kisimani. Lakini deni hilo kila mtu analiona kimo chake. Linarudi siku ya furaha ya mwenzako, kadiri ya uwezo wako, na hakuna aliyewahi kukufungia mlango mpaka utie saini. Anayekuficha uzito wa zawadi yake hakukirimu. Kwa mtu huyo aibu haidaiwi. Ungenyanyuka katikati ya sentensi yake, ukamchukua mwanao, ukaenda zako, na mimi huku Mwera nisingeona umekosa adabu.

Kaka yako, huyu wangu wa mwisho anayesoma sheria pale Mlimani, nilimpigia nikamwambia anitafutie kama wazungu wenyewe wanasemaje juu ya kadi hizi. Akaniletea kesi nzima. Huko huko Uingereza palikuwa na kampuni za matangazo, Purely Creative na wenzake, zikipeleka watu barua na kutia kadi za kukwangua ndani ya magazeti, umeshinda hiki, umeshinda kile. Zawadi mojawapo ilikuwa safari ya meli kwenye bahari ya Mediterania. Mahakama ikaja kukokotoa bima, chumba, chakula na ushuru wa bandari, ikaona wakienda wawili kwa wawili, kila mmoja angelipa pauni 399 ili aende safari yake ya "bure". Ofisi ya serikali ya kulinda biashara ya haki ikawashitaki, na shauri likafika Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya, Luxembourg. Tarehe 18 Oktoba 2012 wakaamua: ukimwambia mtu ameshinda zawadi, usimtoze chochote ili aipate, hata kama ni kidogo mno ukilinganisha na zawadi yenyewe, hata bei ya stempu. Hata stempu, mwanangu! Katazo hilo Uingereza wamelibakiza, limo kwenye sheria yao mpya iliyoanza kutumika Aprili mwaka huu.

Na hapa kwetu je? Hata hapa Mwera ujumbe unaingia kwenye simu: hongera umeshinda gari, tuma kwanza ada ya kutolea. Mama mmoja wa upatu wangu alikuwa ameshafika kwa wakala, noti mkononi, nikamwahi. Tukaupeleka ujumbe ule kwenye namba 15040 ya TCRA, akanuna siku mbili kana kwamba mimi ndiye niliyemnyang'anya gari. Kamari dini yetu imeikataza na sina la kuongeza, lakini hata anayekata tiketi ya bahati nasibu anajua kwamba anacheza, na Bodi ya Michezo ya Kubahatisha ipo, imewekwa na sheria ya mwaka 2003. Wewe hukuambiwa kwamba unacheza. Uliambiwa umeshashinda.

Sasa nisikilize vizuri, hapa ndipo penye kazi. Sheria ya kwanza ya Ulaya juu ya biashara hii, ya mwaka 1994, ilimpa mnunuzi siku 10 za kubadili nia, lakini iligusa mikataba ya miaka mitatu na zaidi tu. Wajanja wakaandika mikataba ya miezi 35. Miezi 35! Nilicheka peke yangu jikoni, nikasema hawa wangekuja Pangani wangetuuzia mto. Mwaka 2009 ikatoka sheria nyingine ikaziba tundu hilo: inashika klabu za likizo zinazozidi mwaka mmoja, inatoa siku 14 za kujitoa bila kueleza sababu, na inakataza kupokea malipo yoyote ndani ya siku hizo. Uhispania wameiingiza kwenye sheria yao namba 4 ya mwaka 2012. Mkataba wenu ni wa miaka 3. Na pauni 300 mlizotoa siku ileile "kushikia nafasi" zilipokelewa ndani ya siku hizo.

Nilikaa mahakamani muda wa kutosha kujua kwamba haki nyingi hazifi kwa kukosa sheria, zinakufa kwa tarehe kupita. Tafuteni ndani ya mkataba fomu ya kujitoa. Lazima iwemo, na isipokuwemo muda wenu unarefuka, lakini msitegemee hilo. Jazeni majina yenu wote wawili, namba ya mkataba, tarehe mliyotia saini, na maneno machache: tunajitoa. Msieleze, msiombe radhi, msiwashukuru kwa juisi. Tumeni kwa barua pepe leo na kwa rejista ya posta kesho, risiti mtunze. Benki muiambie juu ya hizo pauni 300. Kaka yako anasema kama ilikuwa kadi ya mkopo, huko kwenu benki nayo inaweza kubanwa ilipe. Wakikupigia simu kukubembeleza, usipokee. Na akitokea mwingine baada ya mwezi, anajua majina yenu, anasema atawarudishia pesa mkilipa ada kidogo, huyo ni ndugu yao.

Mumeo usimlaumu. Mwambie nimesema hivyo. Mwanamume aliyekwangua kadi akakosa, kisha akaona mkewe anang'aa kwa furaha, angefanya nini?

Kuhusu mimi, msihangaike. Watu wanapanda ndege kutoka huko mliko, wanalipa fedha nyingi, kuja kulala Ushongo na kupelekwa na mashua mpaka Kisiwa cha Maziwe, nami Ushongo naenda kwa bodaboda kununua samaki. Mkipata nauli ya kweli, mliyoiweka wenyewe, njooni Desemba na mtoto. Chumba cha baba yako nimekipaka chokaa.

Mlitia saini Jumapili tarehe 3. Siku zenu 14 zinaisha Jumapili ijayo, tarehe 17. Leo ni siku ya tisa.

Shangazi yako,
Mwera