Barua kutoka Oxford: Magombo yaliyosomwa yakiwa yamefungwa

Mjomba,

Uliniuliza kwenye simu kama huku mtandaoni kuna lolote la maana zaidi ya ugomvi. Lipo.

Maktaba ya Bodleian hapa Oxford ina gombo ambalo ukiliona utasema ni kipande cha mkaa. Ni mafunjo yaliyoungua mwaka 79, Mlima Vesuvius ulipolipuka ukaufukia mji wa Herculaneum, Italia. Mamia ya magombo ya aina hiyo yalifukuliwa karne ya 18, na mengi yaliyolazimishwa kufunguka yalivunjikavunjika. Eksirei nayo haikuonyesha herufi waziwazi, kwa kuwa wino ni wa kaboni na mafunjo yenyewe yamegeuka kaboni.

Profesa Brent Seales wa Chuo Kikuu cha Kentucky alihangaika na magombo hayo miaka mingi. Mwaka 2023 yeye na wenzake wakazianika picha zake za eksirei mtandaoni, wakatangaza zawadi: anayeweza na ajaribu. Mshindani mmoja, Casey Handmer, akazikodolea macho saa nyingi, mpaka akagundua kwamba mahali fulani mafunjo yana nyufa ndogo ndogo kama tope lililokauka, nazo zinafuata umbo la herufi. Na hakuficha, Mjomba! Aliwaeleza washindani wake wote. Luke Farritor, mwanafunzi wa miaka 21 huko Nebraska, akaifundisha akili mnemba kuzitafuta nyufa hizo, na neno zima la Kigiriki likajitokeza: zambarau.

Youssef Nader, Mmisri aliyekuwa akisomea uzamivu Berlin, alimfuata kwa karibu. Wakaungana, wakamwongeza Julian Schilliger wa Uswisi, na Februari 2024 wakatunukiwa dola 700,000 kwa kusoma herufi zaidi ya 2,000 za gombo linalohifadhiwa Paris. Humo mwanafalsafa anauliza kama kilicho adimu kina raha kuliko kilicho tele, na mfano wake ni chakula. Mwaka uliofuata gombo letu la Oxford nalo likatoa jina lake: Kuhusu Maovu, la mwanafalsafa Philodemus.

Sasa nina ombi. Zile hati za babu za herufi za Kiarabu, zilizomo sandukuni hapo Lamu, zipigwe picha kabla mchwa hawajazimaliza. Mwite kijana mwenye simu nzuri, apige ukurasa mmoja mmoja kwenye mwanga wa asubuhi, asiruke hata uliotoboka. Ukiridhia, tuziweke wazi kwa kila mtu. Kurasa zilizotushinda sisi huenda yuko wa Pate, Muscat au Hamburg anayeweza kuzisoma.

Mpwa wako