Simba Anguruma

Watunzi wetu wa miaka ya sabini tunawakumbuka kwa diwani zao. Kezilahabi alitoa Kichomi mwaka 1974; Mulokozi na Kahigi wakafuata na Malenga wa Bara mwaka 1976, huku mabishano ya vina na mizani yakiwaka moto. Mwaka huohuo wa 1976, vijana wa bendi ya Dar es Salaam walitoa nchini Zambia albamu ya roki iitwayo Ave Africa, yenye nyimbo za Kiswahili juu ya magitaa ya umeme. Sidhani kama kuna mshairi aliyegeuza shingo.

Bendi hiyo ni Sunburst, iliyoanzishwa mwaka 1970. James Mpungo aliimba, Hembi Flory Kongo akapiga gitaa, Kassim Magati kinanda, Bashir Idi Farhan besi, na Johnny Rocks Fernandes dramu. Muziki wao waliuita Kitoto, na hapo tayari pana ki- ya namna, ileile ya kishujaa na kizee. Zama zenyewe zilikuwa ngumu kwa roki: Novemba 1969 muziki wa soul ulipigwa marufuku Dar es Salaam, na nchi haikuwa na kiwanda cha kufyatua santuri. Zambia, kinyume chake, ilikuwa na bendi za roki kama WITCH na Amanaz.

Mimi huvutwa zaidi na majina ya nyimbo zao. Chukua "Simba Anguruma". Mzungumzaji wa kawaida angesema "ananguruma". Wao walichagua hali isiyodhihirika, ambamo -a- ya wakati imemezwa na a- ya nafsi, na silabi moja ikaokolewa: mizani sita badala ya saba. Tena kitenzi kimepoteza saa yake. Simba huyu hangurumi sasa hivi tu. Yupo ananguruma, kama habari katika kichwa cha gazeti.

"Kipato Sina" ni kuboronga sarufi kwa kweli. "Sina kipato" ina mizani ileile mitano, kwa hiyo mgeuzo haukuletwa na hesabu. Umeletwa na uzito: kinachokosekana kinatajwa kwanza, kisha mkono mtupu unafunuliwa. Na kina cha -na kinabaki mwishoni, ambako mtunzi yeyote angekitaka.

Ila ninaouhusudu ni "Enzi za Utumwani". "Enzi za utumwa" ingetosha kutaja kipindi. Kiambishi -ni kimeugeuza utumwa kuwa mahali: watu waliingia, wakakaa, wengine wakatoka. Wapo watakaosema ni mazoea tu ya usemi. Sawa, lakini mazoea hayo ndiyo malighafi yetu, na ningependa wanafunzi wa ushairi wayapime hapa kama wanavyoyapima katika tenzi.

Mwaka 2016 kampuni ya Strut ya London ilizikusanya rekodi zao za 1973 hadi 1976 na kuzitoa upya. Ndipo zilipotufikia hata sisi wa Msasani, hii ya Tukuyu, si ile ya Dar es Salaam. Ninazisikiliza kwa simu, daftari mkononi, nikiandika maneno kwa sikio na kurudisha nyuma kila gitaa linapoyafunika. Nimefika wimbo wa nne.