Kopo la Udongo

Baba yangu alikaa Dzaleka miaka tisa bila kupanda mti hata mmoja. Alilima mahindi na maharage kwenye dimba la kukodi, yaani shamba la bondeni lenye unyevu hata kiangazi, lakini miti aliikataa. "Mti hupandwa na mwenye kwao," alikuwa akisema. Sisi tulikuwa watu wa kusubiri safari.

Mwaka 2021 jibu la safari lilikuja: hapana. Baba hakusema neno. Alimwagiza jamaa yetu aliyekuwa akija kutoka Burundi vitu viwili: mbegu za alnusi na kopo la udongo uliochotwa chini ya alnusi kubwa. Tulicheka sana. Mtu avuke Tanzania nzima amebeba udongo, kana kwamba Malawi haina!

Asili ya alnusi ni milima ya Amerika ya Kati na Kusini, lakini Burundi, Rwanda na Kivu ni mti wa nyumbani. Hupandwa kwenye matuta ya kuzuia mmomonyoko, matawi yake hushikilia maharage yanayotambaa, na majani yake hurutubisha shamba. Hupenda baridi na maji, ndiyo maana baba alichagua ukingo wa mfereji.

Mbegu zake ni ndogo mno. Zangu nilizifukia kwa kidole kama mahindi, hazikuota. Baba alizimwaga juu ya udongo laini, akazifunika kwa mchanga kidogo tu, akazijengea kivuli cha nyasi. Zikaota. Nusu ya miche aliitia udongo wa kopo; nusu aliiacha, kwa sababu nilibisha. Baada ya miezi michache ile niliyoitetea ikawa ya njano, ikadumaa. Baba aling'oa mche mmoja wa kijani akanionyesha vinundu kwenye mizizi. Humo huishi bakteria wanaochukua naitrojeni ya hewani na kuulisha mti. Dimba letu halikuwa nao. Walikuja ndani ya kopo.

Jua la Oktoba liliua mingi, ingawa tulimwagilia kila jioni. Ikabaki kumi na mmoja. Mwaka 2023, serikali ilipowataka wakimbizi wa mijini warudi kambini, mjomba alifunga duka lake Lilongwe akaja kulima nasi. Kivuli cha kupumzikia alikikuta tayari.

Mwaka jana mwenye dimba alihitaji shamba lake. Kwa hasira nilishika panga nikaikate miti yote iwe kuni. Baba alininyang'anya. Alimwendea yule agogo, akamsalimu kwa heshima, akaomba kitu kimoja tu: kopo la udongo wa chini ya miti. Agogo alicheka kama tulivyocheka sisi. Baba alipomweleza sababu, alichukua jembe akachimba mwenyewe.

Kopo liko chini ya kitanda changu. Kila Jumamosi ninalinyunyizia maji kidogo, lisikauke. Tunatafuta dimba jingine.