Njia ya Meli na Pasipoti Yetu

Mimi na mke wangu tumekusudia kusafiri kwa meli ya kitalii barani Ulaya, kwa mara ya kwanza. Yeye aliipenda njia ya Adriatiki: kutoka Trieste, kupitia Dubrovnik, kuingia ghuba ya Kotor huko Montenegro, hadi Piraeus, bandari ya Athens.

Mimi niliitazama ramani kwa jicho la pasipoti ya Tanzania. Croatia iliingia Schengen Januari 2023, Montenegro haimo. Kutia nanga Kotor nusu siku tu ni kutoka Schengen, na kurejea kunadai viza ya kuingia zaidi ya mara moja, ambayo mwombaji mgeni hana hakika ya kuipata. Ada ni yuro 90 kwa kila mmoja, nayo hairudishwi ukikataliwa. Mwenzangu kazini, raia wa Ujerumani, alichagua safari yake kwa kutazama picha. (Simlaumu. Nami ningefanya hivyo.)

Basi tukachukua upande wa magharibi: Barcelona, Marseille, Genova, Civitavecchia. Tangazo linaandika “Roma”, lakini kutoka bandari hiyo hadi Roma ni kama saa nzima kwa treni, na meli haimngoji mtu.

Usiku mke wangu akauliza kama hiyo ndiyo bahari walimozama watu zaidi ya 360 karibu na Lampedusa mwaka 2013. Nikamwambia ndiyo hiyo. Akanyamaza kitambo, kisha akaniomba fomu ya viza aijaze kwa mkono wake.