Tarakimu Nilizoziacha

Kijana aliyepiga kinanda katika misa ile ya jubilei hakukosea hata noti moja. Alipiga nilichomwandikia, na nilichomwandikia kilikuwa kibovu. Mpaka leo watu wa parokia yetu, huku karibu na Ndanda, wanaamini yeye ndiye aliyetuaibisha, kwa kuwa mimi, mwalimu wa kwaya, niliwaambia hivyo.

Wapiga fidla wawili, wenyeji wetu waliohamia Dar es Salaam, walituletea nakala ya sonata moja ya Arcangelo Corelli, kati ya zile 12 za Opus 3 zilizochapishwa Roma mwaka 1689. Fidla mbili juu, zikifuatana na kupishana, na besi chini. Huitwa ya sauti tatu, ila kwa kawaida wapigaji ni wanne, maana besi hushikwa na selo pamoja na kinanda. Selo sisi tungeitoa wapi? Mzigo wote ukamwangukia kijana, naye alisoma tonik solfa tu. Nikakesha nikimgeuzia besi kuwa d, r, m.

Chini ya besi palikuwa na tarakimu: 6, 7, pengine 4 ikifuatwa na 3. Nikadhani ni namba za vidole, kama kwenye vitabu vya kujifunzia piano, nikaziacha. Mkono gani una vidole saba, sikujiuliza. Na kuuliza mtu niliona haya.

Kumbe tarakimu zile ndizo kazi yenyewe. Enzi za Corelli mpiga kinanda hakuandikiwa mkono wa kulia. Alipewa besi na namba, akodi akazijaza mwenyewe. Besi ikiwa t yenye 6, anaongeza r na s. Kijana wangu, bila namba, alijenga kama nilivyomzoesha: t, r, f. Fidla juu inaimba s, kinanda kinang'ang'ana na f. Penye 4 na 3 ndipo palipoharibika kabisa. Besi iko s, fidla inaishikilia d, inachelewa makusudi kushuka kwenye t, na utamu wote uko katika kuchelewa huko. Kinanda chetu kiliwahi t kabla yake.

Fidla zilifika Jumamosi jioni, msimu wa korosho, nusu ya kwaya bado iko mashambani. Tulipojaribu, mpigaji mmoja alikunja uso. Nikamwambia, "Kijana ana woga tu, kesho atatulia." Kesho yake, baada ya komunyo, waumini walianza kugeuza shingo kutazama kinanda. Mzee wa kanisa aliponiuliza kulikoni, nikajibu kwamba kijana hakufanya mazoezi. Mwenyewe alikuwa amesimama palepale.

"Nisamehe, mwalimu," akasema. Kwaya hakurudi tena.

Ukweli niliujua mwaka uliofuata, mpiga fidla mmoja alipoiona karatasi yangu. "Mwalimu, namba ziko wapi?" Nikasema zilifutika kwenye fotokopi. Uongo wa pili huo, na huu ulinitoka kirahisi kuliko wa kwanza.

Siku hizi yule kijana ni fundi pikipiki. Nilikutana naye stendi ya Masasi, akanipa shikamoo, nikaitikia marahaba, tukazungumza bei ya korosho mpaka gari la Newala likajaa. Habari ya tarakimu sikuigusa.