Portsmouth: Dakika Nne za Feri

Novemba iliyopita tulijaaliwa kusafiri, sisi ndugu wawili wa kike, kutoka Mombasa hadi mji wa Portsmouth, kusini mwa Uingereza, kumzuru mama yetu mkubwa. Mizigo yetu ilikuwa kashata, bizari, achari ya embe, na ujumbe mmoja kutoka kwa wazee wa nyumbani. Kashata, bizari na achari tulizikabidhi usiku ule ule tuliofika. Ujumbe tulikaa nao vifuani hadi siku ya tisa.

Mama Mkubwa na mumewe wamekuwa katika ndoa kwa miaka arubaini na sita. Baba Mkubwa alikuwa baharia, na katika ujana wake alizunguka bandari nyingi kabla ya kuamua kutua Portsmouth na kumwita mkewe amfuate. Miaka sita iliyopita alipatwa na kiharusi. Baada yake yakaja maradhi ya kusahau, polepole, mithili ya maji yanayokupwa. Mama Mkubwa alimuuguza nyumbani kwa miaka minne. Kisha habari zikafika Mombasa kwamba amempeleka katika nyumba ya kuuguzia wazee, na maneno yakaanza. Arusini na matangani tulisikia watu wakinong'ona kwamba fulani amemtupa mumewe kwa Wazungu. Hatukunong'ona, lakini pia hatukumtetea. Hivyo wazee walipotutuma tukamwambie amrudishe mumewe kwao, tulikubali.

Mwenye kutoka Mombasa hatoona ugeni mkubwa Portsmouth, ukiondoa baridi. Mji huu nao ni kisiwa, umeungwa na bara kwa madaraja kama wetu ulivyoungwa kwa Makupa na Nyali. Una ngome yake ufukweni, Southsea Castle, iliyojengwa na Mfalme Henry wa Nane mwaka 1544, nusu karne kabla Wareno hawajaanza kujenga Fort Jesus mwaka 1593. Garimoshi litokalo London huishia juu ya maji hasa, kwani stesheni ya mwisho imejengwa kwenye gati. Ukishuka wapokewa na harufu ya chumvi na milio ya ndege wa baharini.

Wala jina la mji huu si geni kwa wazee wa Mwambao. Sayyid Jamshid bin Abdullah, Sultani wa mwisho wa Zanzibar, aliishi Southsea, mtaa wa ufukweni wa Portsmouth, kwa zaidi ya miaka hamsini baada ya kupinduliwa Januari 1964, hadi alipohamia Oman mwaka 2020. Bendera nyekundu ya nasaba yake ndiyo iliyopepea juu ya Fort Jesus hadi mwaka 1963. Tulipopita mitaa ile ya nyumba za matofali zilizobanana, tulifikiri ni wangapi waliozaliwa kando ya bahari yetu ya joto na kuzeekea kando ya bahari hii ya kijivu, ambayo pwani yake ni ya kokoto zaidi kuliko mchanga.

Nyumba ya Mama Mkubwa iko Southsea. Nyumba anamouguzwa mumewe iko Gosport, ng'ambo ya pili ya bandari. Gosport haina garimoshi, na kwa barabara ni lazima uizunguke bandari yote, zaidi ya maili kumi. Kwa hiyo watu huvuka kwa feri, mashua ndogo ya abiria na baiskeli zao, isiyochukua magari. Kuvuka ni dakika nne hivi. Siku ya kwanza tulipopanda naye, mmoja wetu alisema kwa mzaha, "Mama Mkubwa, hii ni Likoni bila ya matatu." Alicheka, akasema, "Ni Likoni ya kulipia, mwanangu. Kwenu mwenda kwa miguu havuki bure?"

Tulidhani tutafuatana naye mara moja au mbili. Tulivuka naye kila siku tuliyokaa huko, na hapo ndipo tulipoanza kuona maisha yake yalivyo.

Husali Alfajiri, akapika. Ijapokuwa anakula peke yake, bado hupima mchele wa watu wawili, kisha hupunguza kibaba kimoja akakirudisha. Chakula cha Baba Mkubwa hupondwa kiwe laini, kwa kuwa kiharusi kilimdhoofisha koo, na hata maji yake hukolezwa kwa unga maalumu yasimpalie. Wapishi wa kule hupika samaki na mboga kwa ajili yake. Nyama ya halali huipeleka Mama Mkubwa mwenyewe ndani ya hotipoti, pamoja na wali wa nazi alioukamua na kuuponda kwa mkono wake. Saa nne huwa kituoni akingoja basi la kwenda ferini. Saa tano yuko kando ya mumewe. Humlisha, humkata kucha, humpaka mafuta miguu, humsomea Yasini. Nguo zake hazifuliwi kule. Huzirudisha nyumbani na kuzifua mwenyewe, kwa kuwa, asema, mume wake hajawahi kuvaa kikoi kilichofuliwa na mtu mwingine.

Mwezi ule jua la Portsmouth hutua kiasi cha saa kumi na robo. Sisi tuliozoea Magharibi ya saa kumi na mbili na kitu tulibabaika. Yeye husali Magharibi chumbani kwa mumewe, kwenye nafasi ndogo baina ya kitanda na kabati, akielekea kusini-mashariki, kwani ndiko kibla kiliko kwa aliye Uingereza. Kisha hurudi ferini gizani.

Tulikwenda tukidhani tutakuta mahala pa kutupwa watu. Tulikuta chumba chenye joto, picha ya harusi ukutani, na muuguzi kijana kutoka Kerala, kusini mwa India, aliyejifunza kusema "Pole, mzee" kila anapomgeuza. Hatusemi kwamba kila kitu kilikuwa sawa. Mwanzoni, Mama Mkubwa alitueleza, walimleta mwanamke kumwosha, na Baba Mkubwa alilia kwa haya kama mtoto. Ilimbidi aende ofisini mara tatu hadi iandikwe kwenye karatasi ya matunzo yake kwamba ataoshwa na wanaume tu. Tangu hapo hawajakiuka.

Jambo jingine lilikuwa lugha. Baba Mkubwa alizungumza Kiingereza miaka arubaini, lakini maradhi ya kusahau mara nyingi hula kwanza lugha iliyokuja baadaye na kuiacha ile ya utotoni. Kiingereza kilimtoka chote. Alikuwa akiomba maji kwa Kiswahili na hakuna amjibuye, basi wakaandika kwamba ni mgonjwa mwenye hasira. Mama Mkubwa akachukua karatasi, akaandika maneno kumi na mawili kwa herufi kubwa: maji, choo, baridi, naumwa, basi, na mengineyo, na maana zake kwa Kiingereza. Aliibandika juu ya kitanda. Hasira ziliisha wiki hiyo hiyo.

Siku ya tisa, baada ya chakula cha usiku, tulimfikishia ujumbe wa wazee. Alinyamaza kitambo, akikunja vikoi vilivyokauka. Kisha akasema:

"Wanangu, nilijua mmekuja na maneno. Nimewaona mwanitazama. Sasa nami niwaulize. Huyu ageuzwa kitandani kila baada ya saa mbili au tatu, usiku na mchana, ngozi isichubuke ikawa donda. Nikimleta Mombasa, nani kati yenu atakayeamka saa nane ya usiku? Na saa kumi? Na kesho yake, na mwezi ujao?"

Hatukuwa na la kujibu. Akaendelea, bila ya ukali, kutusimulia yale ambayo hatukuwahi kumuuliza kwa simu. Miaka ile minne alilala saa mbili mbili. Baba Mkubwa alikuwa akitoka nje usiku kutafuta meli yake. Siku moja alianguka ngazini, naye katika kumwinua akaumia mgongo, wakalala wote wawili chini ya ngazi hadi asubuhi jirani alipogonga. Daktari alimwambia wazi kwamba akiendelea peke yake watazikwa wawili. "Nilipotia sahihi zile karatasi," alisema, "mkono ulitetemeka kuliko siku ya ndoa yangu. Nilirudi hapa nikakuta viatu vyake mlangoni. Viko pale mpaka leo."

Tulimuuliza pia kuhusu gharama, kwani nyumbani ilisemwa kwamba ameuza kila kitu. Alitufafanulia. Katika sheria ya Uingereza, mgonjwa mwenye akiba ya zaidi ya pauni 23,250 hujilipia mwenyewe, na aliye chini ya hapo husaidiwa na baraza la mji. Nyumba ya familia haihesabiwi madamu mke au mume bado anaishi humo. Akiba ya Baba Mkubwa ilikwisha mwaka wa kwanza, na sasa baraza hulipa sehemu kubwa. Nyumba haijauzwa. Maneno yale yalizuliwa na watu wasiojua.

Tulilala usiku ule tukiona haya. Chumba tulicholala kilikuwa mkabala na chake, na mlango wake haukufungwa. Tulimwona analala upande wake wa kitanda, ukutani. Upande wa mumewe ulikuwa umetandikwa vizuri, na mto wake upo.

Siku ya mwisho tulivuka naye kumuaga Baba Mkubwa. Alikuwa ameketi kwenye kiti cha magurudumu karibu na dirisha. Tulimbusu mkono, naye akatupokea kwa adabu kama apokeavyo wageni asiowajua. Mama Mkubwa alipomkaribia na bakuli, alimtazama sana, kisha akamuuliza kwa Kiswahili safi cha Mji wa Kale:

"Bibi, samahani. Mke wangu hajafika?"

Tuliangalia chini. Yeye akamfunga kitambaa shingoni, akamjibu kwa sauti ile ile aliyotumia kila siku:

"Yuaja. Yuko kwenye feri."

"Leo Likoni pana watu wengi," alisema Baba Mkubwa. Akatulia, akafumbua kinywa, akala.

Baadaye kidogo, kulipoingia giza, alijigeuza kitini kuelekea dirishani, akainua mikono kufunga sala. Dirisha lile latazama kaskazini. Mmoja wetu alitaka kumgeuza aelekee kibla, Mama Mkubwa akamzuia kwa mkono. Aliyeondokewa na akili hana hesabu ya sala, na hilo walijua sote. Lakini kwa aliyezaliwa Mombasa, kaskazini ndiko kibla kiliko, na ndiko alikoelekezwa na babake tangu akiwa mtoto. Hatujui kama ilikuwa sadfa. Mama Mkubwa alisema tu, "Mwacheni, yuko kwao," akatandika msala wake nyuma yake, upande wa Gosport uelekeao kibla, akasali.

Tuliporudi tuliwakusanya wazee, tukawaambia tuliyoyaona. Tuliwaambia kwamba hakuna mume aliyetupwa. Kuna mwanamke wa miaka sabini na miwili avukaye maji mara mbili kila siku, mvua na upepo, kumlisha mumewe ambaye hamtambui. Mzee mmoja aliuliza kwa nini hakutuambia mapema. Jibu ni kwamba kila tulipompigia simu tulimuuliza habari za mgonjwa tukakata. Hakuna aliyemuuliza habari zake yeye.

Tunayaandika haya kwa kuwa mtihani huu hauko Uingereza pekee. Hapa petu, nyuma ya milango ya Majengo, Kisauni, Malindi na Lamu, kuna kina mama wanaowageuza waume zao usiku kucha, na kina baba wanaowaosha wake zao, na jamaa hufika siku ya Idi wakaambiwa wote wazima, wakaondoka wameridhika. Nyumba za kuuguzia kwetu ni chache, na wengi wetu hatuzitaki. Ikiwa hatuzitaki, basi na tugawane usiku. Dada mmoja achukue Jumamosi, kijana mmoja achukue Jumapili, mwingine alete chakula, ili anayeuguza alale japo usiku mmoja kwa wiki. Na ambaye hali imemlazimu kumpeleka mwenziwe kwa wauguzi, tumtembelee kabla ya kumhukumu.

Siku hizi sisi hupishana kumpigia Mama Mkubwa kila jioni, saa ambayo kwake yeye ni ya kurudi ferini. Husikika upepo na honi ya mashua. Swali letu la kwanza huwa, "Wewe, Mama Mkubwa, umekula?" Mara ya kwanza alinyamaza muda mrefu hata tukadhani simu imekatika. Sasa hujibu, na wiki iliyopita alituambia amepima mchele wa mtu mmoja bila ya kukosea.

Mwenyezi Mungu amlipe mema, amfanyie wepesi mumewe, na awape nguvu wote wanaouguza wapenzi wao. Amin.