Mwiko, Khanga na Wembe

Mfuko wangu wa porini ni wa turubai kuukuu, na mtu akiufungua bila kuambiwa atadhani ni wa mtu anayehama nyumba. Mna khanga moja iliyopauka, mwiko wa kusongea ugali, sukari na chumvi katika vijaluba, chupa ndogo ya asali, kiberiti ndani ya mfuko wa nailoni, na vipande vya mpira wa ndani wa baiskeli. Hakuna kilichonunuliwa duka la dawa.

Sisi tunaofuata mizinga katika vichaka vya Itigi twavijua vitu hivi. Miti ya kule si mirefu, lakini imesongamana hata mtu huinama zaidi kuliko anavyotembea, na gari hubaki mbali. Msimu wa mvua kuni zikilowa, kipande cha mpira hushika moto pale nyasi zinapotoa moshi tu. Mtu akiharisha, lita moja ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari vilivyosawazishwa na nusu kijiko cha chumvi humrudishia maji mwilini. Asali hufaa juu ya kidonda kidogo kilichooshwa, maana hunyonya majimaji na vijidudu havistawi ndani yake; ila mtoto ambaye hajatimiza mwaka asilambishwe kamwe.

Khanga ndiyo bingwa wao. Katika karne ya 19 daktari wa upasuaji wa Ujerumani, Friedrich von Esmarch, alieneza kitambaa cha pembetatu cha kufungia majeruhi wa vita. Mama zetu wangemcheka: khanga ikikunjwa ni hicho hicho, na jioni hujifunika.

Lakini vitu vya nyumbani si vyote rafiki, na hapa ndipo nilipogombana na mkwe wangu.

Mwaka 2009 tulikuwa watu wanne porini. Kijana mmoja aliinua gogo la mzinga ulioanguka, na kifutu akamwuma juu ya kiganja. Mkwe wangu, mzee niliyemheshimu kuliko watu wote wa ukoo ule, alitoa wembe mfukoni, akaagiza mpira wa baiskeli ufungwe juu ya kiwiko.

Nikasema, "Baba, nisamehe. Usimkate."

"Mwalimu, wewe unajua vitabu. Mimi nimezaliwa humu."

Ilikuwa kweli. Lakini sumu ya kifutu huharibu nyama, na huweza kuzuia damu isigande. Chale pale ni kufungua bomba lisilo na koki. Mpira nao, ukikaza, huifungia sumu hiyo sehemu moja na kuunyima mkono damu. Kumpinga mkwe mbele ya vijana si jambo dogo kwetu. Niliupokea wembe kwa mikono miwili, kama mtu apokeaye zawadi, nikautia mfukoni mwangu.

Tulimvua bangili kabla mkono haujavimba. Mwiko tukauweka chini ya mkono, tukauzungushia kipande cha khanga bila kukaza, na kilichobaki kikawa tanzi la shingoni ili mkono usichezecheze. Hakutembea. Tulimbeba hadi njiani, tukamkalisha kwenye kiti cha nyuma cha baiskeli, mmoja akisukuma na mwingine akimshika, hadi tulipopata gari la kwenda hospitali. Mzee hakusema neno njia nzima. Nami, siri yangu, nilikuwa nikiomba tu. Kijana yule angekufa, ningeambiwa ni mimi niliyezuia dawa.

Mkono ulivimba hadi begani. Alilazwa, akapona, ingawa kidole kimoja hakinyooki mpaka leo.

Mzee alibaki na hoja yake: wangapi walichanjwa, wakawekewa jiwe la nyoka, nao wakapona? Wengi, nikamjibu, kwa sababu mara nyingine nyoka huuma bila kutia sumu, na jiwe, ambalo aghalabu ni mfupa uliochomwa, ndilo hupewa sifa. Hakukubali. Alisema vitabu navyo hupona kwa bahati.

Wembe hakuudai. Msimu uliofuata nilimkuta akifunga mzigo wake, na kati ya shoka na kibuyu cha maji nikaona mpini wa mwiko. Nikamwuliza kama safari hiyo tutapika ugali mwingi.

"Funga mzigo wako, Mwalimu," akasema.